Muuza Nyama wa Sura ya Saba

Daktari Nélida Fainstein alikuwa mchambuzi wa nafsi, anayetibu watu kwa kuwasikiliza wakiwa wamelala kochini, na katika mtaa wake wa Palermo, Buenos Aires, wachambuzi ni wengi kuliko vinyozi. Alichowazidi wenzake ni kitabu. Aliandika habari za wagonjwa wake kwa lugha nyepesi, na watu wakakisoma hata kwenye foleni ya mkate. Siri zao alizifunika vizuri: dereva akawa mwalimu, mwanamke akawa mwanamume.

Asubuhi moja akaingia mtu asiyemjua, pande la mtu, aproni imejaa damu, macho yana makengeza.

"Mimi Anselmo, mwenye bucha kule Mataderos," akasema. "Sura ya saba. Muuza nyama mwenye makengeza, kanuniana na dada yake kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama yao. Umenimaliza, dokta!"

"Lakini mimi sikujui!"

"Kawaambie wateja wangu! Bibi anakuja kununua mbavu, ananiuliza, 'Dada je, umeshampigia?' Mwingine hagusi hata utumbo mpaka nimsimulie nilichoota. Nikachoka. Nikampigia dada nikamwomba radhi, kama ulivyoandika."

"Akacheka, mkanywa chai pamoja kama kitabuni?"

"Acheke nini? Hatukuwahi kugombana! Akaniuliza, 'Kumbe siku zote una kinyongo na mimi?' Akakata simu. Sasa ndiyo tumenuniana, na cherehani yenyewe hatuna!"

Anselmo alikuwa ameshajitupa kwenye kiti cha daktari.

"Niitie huyo muuza nyama wa kweli," akasema. "Anifundishe alimwambia nini dada yake mpaka akacheka. Mimi namtaka dada yangu."

"Hayupo."

"Amekufa?"

"Nilimfunika."

"Mfunue basi, mama!"

Kiti kingine hakikuwepo. Nélida akakaa kwenye kochi la wagonjwa, na kwa kuwa kochi lile halikutengenezwa kwa kukaa, akajikuta amelala chali anatazama dari.

"Ni mimi," akasema. "Cherehani ni ya mama yangu. Dada yangu anaitwa Ofelia, yuko mji wa Rosario."

"Mmh," akasema Anselmo. "Endelea."

"Simu niliipiga kitabuni tu."

Aibu ilimuunguza masikio. Kuna wasomaji waliopatana na ndugu zao kwa sababu ya sura ile, wakamwandikia kumshukuru, naye akawajibu kwa madaha, huku namba ya Ofelia akiiogopa kama deni.

Anselmo akaichukua simu mezani akamwekea kifuani. "Piga. Mimi nasikiliza. Nikirudi kwa dada yangu mikono mitupu, sina la kumwambia."

Akapiga. Ikaita mpaka akaanza kumshukuru Mungu, kisha ikapokelewa.

"Haloo?"

"Ofelia. Ni Nélida."

Anselmo akamnong'oneza, "Mwambie kama ulivyoandika!"

"Siwezi," Nélida akasema, machozi yakimtiririkia masikioni. "Niliandika uongo."

"Najua," Ofelia akajibu kutoka upande wa pili. "Nimekisoma. Yule dada wa kitabuni anacheka upesi mno. Mimi bado nina hasira, na nitakutukana kwanza. Usikate simu."