Mji Uliohamia Mezani

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, fundi wa friji alichomeka diski mpya, akafuta mikono kwenye suruali, akaanza kuhamisha gemu. Diski ya zamani ilikuwa imejaa pomoni. Gemu lenyewe lilikuwa mji mzima wenye ngome, mto, daraja na jeshi la wapanda farasi, na kila lilipoletewa nyongeza lilizidi kunenepa. Siku hizi kompyuta ilikuwa ikikwama katikati ya mapigano, na fundi alikuwa akifa vifo vya kijinga.

Kompyuta ilikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa. Kilikuwa chumba cha mama yake. Humo ndimo mama alimokuwa akishonea, mpaka fundi alipomwomba apishe kwa wiki moja tu, mashine ipate mahali penye hewa. Mama akahamia kwenye kochi la sebuleni. Cherehani yake ikasukumwa nyuma ya mlango wa jikoni, ikafunikwa shuka. Wiki hiyo ilikuwa bado inaendelea, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa kadibodi ili mwanga usipige kwenye skrini. Hakuna aliyegombana. Nyumba ile haikuwa na watu wa kugombana, na hilo ndilo lililoiponza.

Soketi ya chumba cha nyuma ilikuwa imeelemewa, kwa hiyo fundi aliiweka diski mpya kwenye meza ya sebuleni, akaiunganisha kwa waya mrefu uliopita koridoni. Waya huo aliutoa kwenye printa iliyokufa. Kwa mtu aliyezoea mafriji, waya ni waya. Lakini ule haukuwahi kupitisha kitu kikubwa kuliko barua, na mji mzima hauwezi kupenya kwenye tundu la sindano. Kwa hiyo watu wa gemu wakashuka, wakaenda kwa miguu kando ya waya.

Walitangulia walinzi wa lango, magodoro kichwani. Wakafuata wanawake na masufuria, kisha farasi, wakiongozwa mmoja mmoja wasikwaruze sakafu. Daraja lilipita likiwa mbao. Mto uliletwa kwa ndoo. Kila aliyefika mbele ya kochi alitua mzigo wake kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnahamia wapi?"

"Hapo mezani."

"Patawatosha?"

"Tumeambiwa pana nafasi."

Mama aliitikia wote, hata wapiga mishale, ambao walikuwa wengi na walisalimia wakitafuna. Ilikuwa siku nyingi hajasalimiwa hivyo. Mwanawe alipopita kwenye kochi alikuwa akiuliza tu kama amekalia rimoti. Jambo hilo lilimuuma, na hakuwahi kulisema.

Mke wa fundi, ambaye ni muuguzi, alirudi kutoka zamu akamkuta farasi jikoni. Akamsogeza kwa kiuno, akainjika maji.

"Hawa wanalala hapa?" aliuliza.

"Waya uko taratibu," fundi alijibu kutoka chumba cha nyuma.

"Basi wavue viatu."

Wakavua, wakalala. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba haikuwa na jembe, kwa hiyo ilipofika ya tatu muuguzi aliwagawia mafagio na vitunguu vya kumenya. Wapanda farasi walimenya vizuri, ila walilia sana.

Ni siku hiyo mama alipoona koti la kapteni wao limechanika kwapani. Alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni, akavuta shuka, akaipuliza vumbi cherehani yake. Koti la kapteni lilipokwisha, foleni ilikuwa imeshafika koridoni.

"Kwenu hakuna mshonaji?" mama aliuliza.

"Tuna wahunzi, tuna wachinjaji, tuna hata mtu wa tarumbeta," kapteni alisema. "Mshonaji hakuna. Aliyetutengeneza alituchora tumeshavaa."

"Na vyumba?"

"Vyumba tele, mama. Vingi hakuna anayeviingia."

"Vyenye dirisha?"

"Madirisha mengi ni picha tu. Linalofunguka ni moja, upande wa mto."

Mama alisimamisha cherehani. Alitazama koridoni, mpaka kule chumba cha nyuma, ambako mgongo wa mwanawe ulionekana. Alisubiri ageuke. Fundi alikuwa akitazama asilimia zikipanda kwenye skrini.

"Mwanangu," mama aliita, "na mimi nahama."

"Sawa, mama. Angalia usikanyage waya."

Wapanda farasi wawili wakainua cherehani. Mama alibeba mkasi mwenyewe, kwa sababu mkasi hauazimishwi.

Kazi ikakamilika jioni ile. Fundi aliona kwamba mji umechukua nafasi kubwa kidogo kuliko mwanzo, lakini haukukwama tena, akaridhika.

"Mama yuko wapi?" mkewe aliuliza.

"Kwenye diski mpya."

"Amekula?"

"Huko wanachinja kila siku."

Muuguzi akachukua sahani moja mezani, akairudisha kabatini.

Tangu hapo vita vilikwenda vizuri. Jeshi lilikuwa na vifungo, na cherehani ilisikika kwenye spika hata mizinga ikilia. Wakati mwingine fundi alimpitisha farasi wake upande wa mto, akamwona mama dirishani, pazia limefungwa pembeni, akiuma uzi. Mama alinyanyua mkono. Fundi hakuwa na kitufe cha kunyanyua mkono, kwa hiyo alimrusha farasi juu kidogo. Alimpenda mama yake kama watu wanavyopenda paa la nyumba: hulikumbuka likivuja.

Kisha ikaja nyongeza mpya, yenye bahari na manowari. Fundi alikuwa ameingoja kwa hamu. Nafasi ikapelea kidogo tu, na gemu likamwuliza ni sehemu gani ya mji inayoweza kuondolewa. Alizipitia zote. Ngome alihitaji, lango alihitaji. Upande wa mto haukuwa na vita.

Alimpeleka farasi mpaka chini ya dirisha, akavuta maikrofoni.

"Mama, nakuomba upishe kidogo. Ni kwa wiki moja tu."

Mama alikuwa katikati ya mkono wa shati. Alimalizia mshono, akakata uzi, akaanza kukunja kitambaa.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Kwenye kochi bado pana nafasi?"

Fundi aliinuka, akaenda kuchungulia sebuleni. Kwenye kochi palikuwa na boksi la kompyuta, spika za zamani na ule waya wa printa, umeviringishwa vizuri. Alirudi akakaa.

"Subiri hapo hapo, mama," alisema. "Kwanza nimuulize mke wangu kama vitu vya kwenye kochi vinaweza kupisha."