Lazima ya Vénantie

Mwaka 1963 ng'ombe wa kilima cha Bihambwe walipaswa kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa sotoka, na muganga wa mifugo aliyetumwa alikuwa Mwingereza, Bwana Edmond, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Kilima kizima mtu mmoja tu alikuwa na Kiingereza: Vénantie, binti wa miaka ishirini aliyewahi kukaa kwa shangazi yake Kabale, ng'ambo ya mpaka, wanakosema Kiingereza. Walipomwita atafsiri alifurahi mno, akatoka mbio na kiatu kimoja.

Bwana Edmond alikuwa mpole, hakuamuru mtu. Kila shauri alilianza na "you might", yaani pengine mngeweza, mkipenda. Lakini Vénantie aliona muganga hawezi kutoka mbali hivyo aje kusema pengine. Kila "you might" akaigeuza lazima.

Muganga aliposema pengine wangewaimbia ng'ombe watulie, Vénantie alitangaza kwamba kuimba ni lazima. Papa Kanamugire, mwenye zizi, mzee wa kanisa asiyechekacheka, akaanzisha wimbo wa Noeli katikati ya mwezi wa saba, na akina mama wakaitikia. Muganga aliposema pengine kofia zinamtisha ndama mmoja, kofia zote zikavuliwa, hata ya Papa Athanase, ambaye upara wake mkewe peke yake ndiye aliyeujua. Muganga hakuwahi kuona watu wasikivu namna ile. Akazidi kushauri.

Ndipo dume jeusi likakata kamba. Rukara, mtoto wa Kanamugire, alikuwa ameligeuzia mgongo, anapiga makofi na kuimba. Muganga, akiogopa kulishtua, alisema polepole: "He had better move."

Vénantie alijua "better" ni vizuri zaidi. Akalegeza sauti: "Kaka Rukara, muganga anasema ingekuwa muzuri zaidi usogee kidogo, kama unapenda."

Rukara akajibu kwamba hata pale aliposimama iko muzuri.

Dume lilimwinua kwa paji la uso, likamtupa ndani ya birika la kunyweshea. Rukara akaibuka mzima, majani kichwani, akauliza kama hiyo nayo ni lazima. Papa Kanamugire ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akashikilia mti wa uzio. Baada yake hakuna aliyejizuia.

Vénantie peke yake alikuwa karibu kulia. Alimwendea muganga, naye akamweleza kwa subira: "might" inamwachia mtu achague, "should" inamsukuma kidogo, "must" haimwachii nafasi. Lakini "had better", hata ikisemwa kwa upole, nyuma yake kuna hatari inakuja.

Alirudi akapanda juu ya jiwe, akawaambia watu ukweli wote.

"Kumbe kuimba haikukuwa lazima?" Papa Kanamugire aliuliza.

"Hapana, Papa. Ilikuwa pengine tu."

Mzee akawatazama ng'ombe, wametulia kama wako kanisani. Akamtazama Athanase, aliyekuwa bado ameshika kofia mkononi.

"Basi," alisema, "pengine tuimbe ingine."

Ng'ombe arobaini waliobaki walichanjwa kwa nyimbo. Vénantie aliimba akitafsiri, akitafsiri akicheka, na Rukara, maji yakimchuruzika, alisimama karibu naye akiimba kwa sauti kupita wote.