Figili Tisa Kando ya Njia

Mwaka ule Bunrye alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa imesimama shambani kando ya njia, machoni pa kila mpita njia: figili tisa, fupi na nene, zenye shingo za zambarau.

Mambo yalianza Agosti. Mavyaa wake, kabla ya kufa, alimwachia chupa ya mbegu za figili ambazo ukoo ule ulizipanda tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Alimwachia na agizo moja: kila mwaka nusu iende ardhini, nusu ibaki chupani. Kwa miaka thelathini na mmoja Bunrye alilishika agizo hilo kama alivyoshika sala zake za alfajiri. Mwaka ule alisia nusu ya kwanza, kimbunga kikaja na mvua ya siku mbili, na matuta yakasombwa hadi mtoni. Akaona majira yanamponyoka. Akaitwaa chupa, akasia na ile nusu ya pili. Mvua ikarudi kana kwamba ilisahau kitu. Zilizosalimika zilikuwa tisa.

Kwa ajili ya kimchi ya nyumbani, ile achari ya kabichi na figili inayochachushwa kwa chumvi na pilipili, alipanda mbegu za dukani, nazo zikaota vizuri tu, figili ndefu zenye mabega ya kijani. Lakini zile tisa zilikuwa kila kitu. Bunrye alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na mitatu, katika darasa la jioni pale ukumbi wa kijiji, kwa hiyo aliandika mpango wake kwenye daftari kwa herufi kubwa: figili tisa zisiliwe, zing'olewe mwisho kabisa, zilale shimoni wakati wa baridi, Machi zirudi ardhini zitoe maua, Juni, Mungu akipenda, mbegu. Kisha akalificha daftari chini ya cherehani.

Alilificha kwa sababu ya Malnam, dada mkubwa wa mumewe. Malnam alikuwa binti wa marehemu na ulimi wake haukuwa na mfuniko. Angejua chupa ni tupu, Bunrye angeusikia wimbo huo mpaka kaburini. Hata mumewe, Baba Taerim, hakuambiwa. Yeye dada yake akimuuliza jambo mara mbili hujibu.

Ikafika siku ya kimchi, katikati ya Novemba. Kabichi zilikuwa zimelala kwenye chumvi usiku kucha. Malnam alikuja mapema na visu vyake mwenyewe, akamleta na jirani yao mjane, Mama Deoksu, kwa maana katika kijiji kile hakuna anayetengeneza kimchi peke yake. Leo kwako, kesho kwangu. Walipokuwa wanaosha kabichi, Bunrye akafungua chungu cha uduvi wa chumvi akakuta hautoshi. Akavaa koti, akapanda basi kwenda sokoni.

Hakuwa amefika hata sokoni pale kipaza sauti cha mwenyekiti wa kijiji kilipokohoa juu ya mapaa. Mwenyekiti akatangaza kwamba usiku huo jalidi kali itashuka, na aliye na figili ardhini azing'oe upesi. Malnam akatupa macho shambani, akaziona zile tisa. Figili iliyopigwa na jalidi hugeuka sponji, na pale kijijini kuziacha figili za jirani zigande ni aibu ya kusimuliwa mwaka mzima. Wanawake wawili wakatoka mbio na glavu zao za mpira.

Bunrye aliporudi na ndoo ya uduvi, aliona kwanza pale kando ya njia matundu tisa. Halafu akaona, uani, beseni jekundu lililojaa figili zilizochanwa vipande vyembamba kama nyuzi.

"Wifi, tumekuokoa," Malnam alisema, akipangusa kisu kwa furaha. "Ungechelewa kidogo tu, kesho ungevuna sponji. Zilikuwa nene kama mapaja ya mcheza mieleka."

"Zote?" Bunrye akauliza.

"Zote. Unafikiri tungekubakishia aibu?"

Bunrye akaweka ndoo chini taratibu. Mungu wangu, aliomba moyoni, nifungie mdomo huu kwa dakika tano tu, kisha nitaendelea mwenyewe. Na mdomo ukafungika kweli. Akavaa glavu, akachuchumaa, akamwaga pilipili, kitunguu saumu na uduvi, akaanza kuchanganya. Kila alipokamata fungu la nyuzi zile nyeupe alihisi kana kwamba anazikanda nywele za mavyaa wake.

Mama Deoksu akachota kidogo, akakiviringisha ndani ya jani la kabichi, akatafuna, akafumba macho. Akasema tangu azaliwe hajaonja figili tamu namna hiyo. Halafu akasema lile ambalo Bunrye alikuwa analiogopa tangu Agosti.

"Mama Taerim, mwakani nigawie mbegu zake. Punje chache tu."

Ilikuwa rahisi kujibu ndiyo. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, dogo, la adabu. Lakini alfajiri ile ile Bunrye alikuwa amepiga magoti kanisani akaomba awe mtu mkweli, na haikuwa imefika hata saa nane mchana.

"Mbegu hakuna," alisema. "Ndizo hizo unazotafuna."

Mama Deoksu akaacha kutafuna. Bunrye akaeleza yote: mvua, nusu ya pili, chupa tupu, mpaka daftari chini ya cherehani. Alieleza akiliangalia beseni, akingoja mvua nyingine, ya maneno.

Malnam akaweka kisu chini.

"Mama alinipa chupa kama yako nilipoolewa," alisema mwishowe. "Panya waliimaliza mwaka wa kwanza. Miaka yote ile niliyokuwa nakuja kuchukua figili kwenu nikisema zangu hazijakomaa, sikuwa na zangu."

"Mimi habari za hao panya nilijua," Baba Taerim akasema kutoka mlangoni.

"Ulijua ukanyamaza?"

"Hukuniuliza mara mbili, dada."

Mama Deoksu alianza kucheka, pilipili ikampanda puani, ikabidi wampige mgongoni. Ni wakati huo Bunrye alipouliza vichwa vya figili vilikwenda wapi. Vichwa? Baba Taerim alikuwa ameshaisuka mikia yote ya majani na kuitundika upenuni ikauke kwa ajili ya supu, kila fungu la majani likiwa limeshikwa na kipande cha figili palipo shingo. Na katika shingo ndimo mlimo na jicho la kuchipua.

Wakazishusha kamba zote. Wakapekua vichwa hamsini na kitu, wakitafuta zambarau. Mama Deoksu alivikata vya kwake vyembamba kwa ubahili mwema wa mjane. Vitatu vilikuwa kama karatasi, havikufaa. Malnam alikata kwa haraka na kwa ujeuri, kama kawaida yake, akaacha nyama nene chini ya majani. Sita.

"Siku nyingine ungenisema kwa uharibifu," Malnam alisema.

"Ningekusema," Bunrye akakubali. "Leo nakuombea baraka."

Vile sita vikalala kwenye mtungi wa mchanga ndani ya ghala. Viwili vilioza Januari, na Bunrye akaomba zaidi. Vinne vilitoa mizizi, vikarudi ardhini Machi, na Aprili vikasimama na maua meupe yaliyojaa nyuki. Juni waliketi ukumbini mwa nyumba ya Bunrye, wanawake watatu, wakipondaponda maganda makavu. Zilipatikana mbegu za kujaza kikombe kimoja cha mchele na zaidi kidogo. Bunrye akazigawa katika chupa tatu za nyumba tatu, kwa sababu katika daftari lake sasa palikuwa na mpango mpya: mvua ikichukua za mmoja, wawili watakuwa nazo.

Malnam aliipokea ya kwake kwa mikono miwili, akaitia kifuani mwa blauzi. Alipofika kwenye lango akageuka, akauliza, kwa sauti ya chini isiyo yake, mbegu zipandwe siku gani.

"Agosti, tarehe ishirini na tatu," Bunrye alimwambia. "Nitakuja tusie pamoja."