Vikombe vya Jani la Kijani

Wateja walimwita Mama Supu, na asubuhi ile aliyekuwa akichemka ni yeye, si sufuria. Alikuwa amechutama kwenye bustani ya mboga nyuma ya jiko lake, jembe kando, akivuta kutoka udongoni utando mwembamba wa plastiki. Akavuta mwingine. Na mwingine. Kila mmoja ulikuwa na umbo la kikombe.

Vikombe vyenyewe, vya karatasi, alikuwa anauziwa na mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Vya plastiki alikuwa ameviacha kwa hiari yake, maana vilimchefua vikizagaa mitaroni. Mkwe akamwonyesha jani la kijani lililochorwa ubavuni, akaapa kwamba hivi vinaoza kabisa, afukie popote. Naye, masikini, akaamini. Akawaomba wateja wamrudishie vikombe, na msimu mzima akavifukia penye mboga zake. Karatasi ilioza kweli. Utando wa ndani uligoma, ukajisokota kwenye mizizi, maji yakatuama, mboga zikadumaa. Na bila bustani ile hakuna supu, na bila supu hakuna Mama Supu.

Alikuwa amerudi jikoni, upawa mkononi, mkwe alipoingia na boksi jipya begani. Siku zote huyu alipokewa kama mgeni wa heshima, hata gilasi yake hakuachwa aibebe. Mama Supu akajikaza, akamwekea utando mezani.

"Baba, hiki nini?"

"Aa, hiyo ni ya kuzuia kuvuja, mama. Bila hiyo supu ingepita."

"Kwa hiyo ulijua."

"Wote tunauza hivyo hivyo. Lile jani ni picha tu, watu wanapenda kuliona."

Damu ikampanda kichwani. Kudanganywa na mtu baki angemeza. Lakini huyu alikula mboga za bustani ile ile, akazisifu, akaomba aongezwe!

"Mama, jamani, ni mkweo," binti yake akasema kutoka kwenye karo la vyombo.

"Namjua ni nani. Ndiyo maana upawa bado uko mkononi mwangu na si kichwani kwake." Akamgeukia mkwe. "Vua viatu. Chukua jembe."

"Mimi, mama?"

"Kwani kuna mwingine hapa?"

Jua likapanda, mkwe akiwa magotini na suruali yake ya pasi, jembe kando, akichokonoa utando udongoni kwa vidole. Wateja wakaanza kufika, wakapanga foleni getini, macho yote kwake.

"Mama, angalau funga geti," akanong'ona. "Watu wananiona."

Mama Supu akaenda hadi getini, akalifungua lote.

"Ndio hawa waliokuwa wakiniletea vikombe vyako, baba, tena wengine wakivisuuza kwanza. Waambie wenyewe kwamba lile jani ni picha tu."