Sakafu ya Bahari, Kimbiji

Maji yalikuwa yamekupwa. Jua la asubuhi lilipiga genge la mwamba la Kimbiji, likaonyesha mistari yake mmoja mmoja: wa kijivu, wa kahawia, wa kijivu tena, kama khanga zilizokunjwa zikapangwa.

Mwanaheri aliteremka polepole. Miaka kumi na moja hakukanyaga ufuo huu, tangu bahari imchukue Talha, mwanawe, isirudishe hata shati. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Leo ameshuka kwa sababu Editha, mtaalamu wa miamba aliyepanga chumba kwake, amekosa mtu wa kumshikia futi kamba.

Akashika. Tabaka kwa tabaka. Editha anapima, anaandika, anapima.

"Unatafuta nini humu, mwanangu?"

"Nasoma, mama. Genge hili lote lilikuwa sakafu ya bahari. Si hapa ufukoni; kule kwenye kina, jua lisikofika. Tope lilishuka chembe kwa chembe, miaka na miaka, likashindiliwa likawa mwamba. Kisha ardhi ikauinua, taratibu."

Kina, jua lisikofika. Mara ngapi amekiwaza, baridi yake, vishindo vyake, na mtoto peke yake ndani.

"Kwa hiyo huku ndiko chini?"

"Ndiko, mama."

"Kuna mawimbi huko?"

Editha hakujua habari za Talha. Alijibu alichokiona kwenye jiwe tu.

"Mawimbi yanaishia juu. Mara mojamoja mchanga huporomoka kutoka mteremkoni, ndio huu mstari mnene. Halafu panatulia. Ona tabaka hizi, nyembamba kama karatasi. Maji yangekuwa na fujo, zisingelala hivi."

Mwanaheri akaweka kiganja kwenye mstari wa kijivu. Ulikuwa laini. Ulikuwa na uvuguvugu wa jua. Kina alichokiogopa miaka yote kilikuwa chini ya vidole vyake, na kilikuwa kimetulia. Pametulia, baba. Kumbe pametulia.

Akainua mikono, akasoma Fatiha kwa sauti. Editha akavua kofia, akasimama mpaka amina.

"Unamwombea nani, mama?"

"Mwanangu. Talha. Alikuwaga hali wali mpaka nimkwangulie ukoko."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo mbele ya mgeni. Akakaa mchangani, uso ameuelekeza kwenye maji, akaanza kumsimulia.