Boliti za Kukazwa Jioni

Watu wa mtaa wa juu walimwita Bwana Futi, kwa sababu hata siku asiyoshona hakuivua futi yake shingoni. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi kwelikweli, hilo hata wasiompenda walimpa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: akishaweza jambo moja, aliamini ameyaweza yote.

Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi alikuwa amelala chali uani kwake, kichwa kikiwa chini ya gari. Breki za mbele zilikuwa zimeanza kulia chuma kwa chuma. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na gereji kule chini mteremko unapoishia, hatua chache kabla ya reli. Lakini miezi miwili nyuma shemeji huyo alikuwa amemwambia mbele za watu, "Wewe shona suruali, magari tuachie wenyewe." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo Bwana Futi hakumpigia simu wala hakuitikia salamu zake. Alinunua pedi na diski mpya mwenyewe, akaazima jeki kwa jirani, akaingia kazini.

Na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, alianza vizuri. Kwenye gurudumu la kulia alifungua kalipa, kile chuma kinachozikumbatia pedi, akaitundika kwa kamba ili mpira wa mafuta usivutike. Aling'oa diski iliyolika, akaifuta ile mpya mafuta ya kiwandani, akafunga kila kitu na kukaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. La kushoto ndilo alilolifanya kishonaji. Mshonaji hakimbilii cherehani. Kwanza hushikiza nguo nzima kwa nyuzi nyepesi, mteja aivae, ionekane inavyokaa, ndipo ishonwe. Hakukusudia kuleta mambo hayo kwenye chuma. Mikono ilijiendea kwa mazoea ya miaka thelathini. Zile boliti mbili kubwa za nyuma, zinazoishika breki nzima isichomoke, alizizungusha kwa vidole tu. Akavika gurudumu, akalisukuma lizunguke. Lilizunguka bila kukwaruza, naye akatabasamu peke yake kama bwana harusi. Ilibaki kulivua tena na kukaza.

Hapo jirani akachungulia ukutani. "Jamani jeki yangu, nina pancha na safari."

Bwana Futi hakutaka kusemwa. Alikaza nati za gurudumu, akashusha gari, akarudisha jeki. Gari lenyewe haliendi popote, alijiambia, jioni ataiazima tena amalizie. Na kwa kuwa hakupenda vitu kuzagaa, alipanga spana zote sandukuni, akafagia uwanja, akaingia bafuni kuoga.

Alikuwa amejipaka sabuni mpaka masikioni aliposikia injini ikiwaka. Alidhani ni jirani na safari yake. Alipotoka na taulo kiunoni, uani palikuwa na uwanja uliofagiwa na kisanduku cha spana. Gari halikuwapo. Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na karatasi, mwandiko wa mkewe wa haraka: "Mtoto sikio limezidi, anawaka homa. Nampeleka zahanati. Nimegonga mlango hukusikia."

Mtoto ni mjukuu wao wa miaka minne. Na zahanati ilikuwa chini kabisa, ng'ambo ya reli.

Bwana Futi aliuona mteremko wote kwa mara moja: kona ya kwanza penye shule, kona ya pili isiyo na ukingo, kisha ile barabara iliyonyooka ikienda kuangukia relini. Kila kona kuna breki. Kila breki inazitikisa boliti mbili zilizokazwa kwa vidole vya mshona nguo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Majuto yake yeye yalikuwa na mjukuu kwenye kiti cha nyuma, na yalikuwa yanateremka mlima sasa hivi.

Akampigia mkewe. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Sheria ya kutopokea simu kwenye usukani aliiweka mwenyewe, akaisimamia kwa ukali, na mkewe ni mtu wa kushika sheria.

Ikabaki namba moja tu. Aibu iliyoje kulisema hili, lakini kidole chake kilisita. Damu yake iko barabarani, na kidole bado kinakumbuka kicheko cha watu wa gereji! Kisha akabonyeza.

"Haa! Leo jua limechomoza wapi?" shemeji akaanza. "Shemeji mwenyewe! Umeshiba kununa?"

"Dada yako anateremka na gari. Na mtoto yumo. Msimamishe!"

"Kuna nini?"

"Breki ya mbele kushoto. Boliti mbili za nyuma. Sikuzikaza."

"Hukuzikaza vipi? Umezipa spana kidogo?"

"Kwa vidole."

Simu ikakatika.

Alikuwa amekwishavaa suruali na kufika getini alipotambua alichokisema. Msimamishe. Mkewe atamwona mdogo wake katikati ya barabara anapunga mikono, na atafanya nini? Atakanyaga breki. Atakanyaga kwa nguvu zake zote, pale pale mteremko ulipo mkali kuliko pote. Amemtuma mtu akaichomoe ile breki kwa mikono yake. Akapiga tena simu. Haikupokelewa.

Akakimbia. Aliiacha barabara ya magari, akashika ngazi za waenda kwa miguu zinazokata katikati ya nyumba, peku, bila shati, povu likimtoka masikioni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alimcheka, "Baba, umefumaniwa?" Midomo yake ilikuwa ikisema bila yeye kuiamuru, "Usikanyage, mama. Usikanyage, usikanyage."

Akiwa katikati ya ngazi akasikia kishindo. Chuma kizito, mara moja, kutoka chini. Akakaa kitako juu ya ngazi, mdomo wazi, akisubiri kelele za watu. Hazikuja. Na kutokuja kwake kukamtisha zaidi, maana watu wakiona jambo baya mno huwa wanakaa kimya kwanza. Akajiinua kwa mikono, akaendelea huku akishikilia kuta.

Alipotokea barabarani aliona migongo tu ya watu. Akasikia mtoto analia. Hakuna wimbo uliowahi kumwingia moyoni kama kilio kile, maana maiti hailii. Akapenya kati ya watu. Lori la mchanga lilikuwa limeshusha bamba lake la nyuma. Kishindo kilikuwa hicho. Nyuma ya lori gari lao lilisimama pembeni, zima, taa za tahadhari zikiwaka, na mkewe amesimama kando yake na mtoto begani. Shemeji alikuwa amepiga magoti penye gurudumu la kushoto, anamulika kwa simu.

"Moja haipo," shemeji akasema bila kugeuka. "Ya pili ilibakiza nyuzi mbili ichomoke."

Bwana Futi akamtazama mkewe. "Ulisimamaje?"

"Pale getini niligusa breki kidogo, nikasikia kitu kinagonga, ko. Sikuigusa tena." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Nimekuja na gia namba moja na breki ya mkono, tangu nyumbani mpaka hapa. Magari yamenipigia honi, wamenitukana wee. Huyu nimemkuta anapanda kwa mbio, akatembea ubavuni kwangu mpaka nikasimama."

"Ulijua ni mbovu, ukaondoka nayo?"

"Nilisema labda ni upya wa vyuma. Na mtoto anawaka, ningefanyaje? Ila kukuamini sikukuamini, baba. Tangu ulipoishika ile spana."

Jana neno hilo lingewasha moto wa wiki nzima. Leo Bwana Futi alilisikia likimshuka kifuani kama maji ya kunywa. Angeaminiwa, wangekuwa chini ya treni.

Shemeji akamwita kijana wa gereji alete pikapu, mama na mtoto wakapakiwa wakaenda zahanati. Kisha akainua gari kwa jeki, akavua gurudumu, akatoa boliti mpya mfukoni na spana ndefu, akamnyooshea Bwana Futi mbele ya watu wote. "Haya, fundi. Malizia kazi yako."

Bwana Futi akaipokea. Akapiga magoti, akaielekeza spana kwenye boliti, ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena. Watu walikuwa wanatazama. Akairudisha.

"Nikazie wewe, shemeji," akasema. "Nakuomba. Na ya kulia uiangalie, siiamini."