Msimamizi wa Seva na Daftari la Wageni

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Dorkasi aliandika nywila kwa mara ya tisa, na seva mpya ikamjibu vilevile: huna ruhusa. Alikuwa ameifunga mwenyewe jana yake, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magunia, ofisini kwa kampuni moja ya mkonge kandokando ya barabara ya Pangani. Nywila aliitunga mwenyewe. Kuingia sasa, ng'o!

Dorkasi si mtu wa kukurupuka. Alihakiki herufi kubwa na ndogo, akaizima mashine, akaiwasha. Mwisho akaiwasha kwa ile hali inayoruhusu msimamizi mmoja tu, ambayo mafundi huikimbilia maji yakiwafika shingoni. Seva ikaandika: Nafasi imeshachukuliwa. Aliyeingia: Praxeda.

"Kumbe ni mama," Dorkasi akasema, akaenda kumwita.

Mama alikuwa kwenye kambi ya wafanyakazi, chumba namba kumi na nne, akichambua mboga ya mchunga. Kwa miaka thelathini na mmoja alikata mkonge na kufunga matita, na kazi yote ikaandikwa kwenye kadi ya mumewe, Mathew. Ndivyo ilivyokuwa kambi nzima: mke anakata, mume anaandikwa. Mathew alifariki mwaka juzi. Sasa daftari la wafanyakazi lilikuwa linahamishiwa kwenye seva, na ambaye jina lake halimo angetolewa chumbani mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyo Dorkasi aliipigania kazi hii kufa na kupona.

Getini, Queen wa ulinzi alisema, "Shikamoo, Mama Dorkasi," akamsogezea daftari la wageni. Mama akaandika jina na sababu: nimeitwa na mtoto.

Ndani, aliweka juu ya kibodi vidole vyake vyenye makovu ya miiba. Hakuandika neno. Seva ikafunguka yote, na ukungu wa Njombe ukashuka kutoka darini mpaka magotini.

"Eeeh! Hii ndiyo baridi ya kwetu," Praxeda akasema, akaomba kiti.

Dorkasi aliandika jina la mama yake kwenye orodha, mwanzo hadi mwisho, na miaka yake yote. Seva ikapokea. Alifurahi, akalisoma tena kwa sauti.

Meneja Edgar aliingia akipangusa miwani. Ni mtu mpole, hana makuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasoma skrini. "Dada Dorkasi, huyu Praxeda ni nani?"

"Ndiye msimamizi wa seva. Ni huyo aliyeketi hapo."

"Aa, mke wa Mathew! Basi, usimamizi wake sina ubishi nao, nauona. Ila daftarini hayumo. Makao makuu watalinganisha jina kwa jina. Likizidi moja, wanairudisha orodha nzima, na kambi nzima inakosa vyumba."

Dorkasi alimtazama mama yake. Mama alikuwa na uwezo wa kila kitu kwenye mashine ile. Angeweza hata kumfuta Edgar.

"Futa, mwanangu," Praxeda alisema. "Wenzangu wasije wakalala nje kwa ajili yangu."

Dorkasi akafuta. Iliuma, jamani, iliuma kwelikweli, na hakumuaga Edgar siku hiyo.

Mwisho wa mwezi namba kumi na nne ilitiwa kufuli. Lakini seva ilikuwa haifunguki bila Praxeda, asubuhi wala mchana, kwa hiyo Edgar akaidhinisha kitanda kiwekwe ndani ya chumba cha seva. Praxeda alihamia na blanketi, sufuria mbili na ndoo. Kwenye gunia la udongo alipanda viazi mviringo, vikachipua kwa wiki moja ndani ya ukungu. Wanawake wa kambi huja mchana wa jua kali kupunga baridi, wanacheka mpaka korona, kwenye mtambo wa kuchakata mkonge, kunasikika. Dorkasi akija na mkate wa kumimina humkuta mama amenenepa, anaimba, naye hujikuta anaimba.

Kila asubuhi, kabla seva haijafunguliwa, Queen hulileta daftari la wageni mpaka kitandani, kwa kuwa asiye mfanyakazi haruhusiwi kukaa ndani bila kuandikwa. Praxeda huandika jina, huandika sababu: kufungua. Saa ya kuondoka huiacha wazi, na Queen hupiga mhuri.